Kisima Chetu Kimerudi Utamu

Maji yamerudi matamu, Rehema! Ya kisimani kwetu, yale yale ya chumvi, leo ni matamu ya kunywa, ya chai, ya kusukutulia mdomo bila kukunja uso. Nimeonja mimi, ameonja baba yako, na kuku nao wameonja, maana kwa furaha nilimwaga beseni zima uani. Baba yako akanitazama, akasema, "Ndiyo kwanza yamerudi, umeshaanza kuyamwaga."

Haya, sasa salamu. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Marahaba, mwanangu, marahaba mwalimu. Wewe leo uko Kaole unamuaga bibi yako, na kesho asubuhi utakuja moja kwa moja kituoni. Mimi nitakuwa hapo na sanduku lako, kikapu chako na baba yako. Lakini najua kituoni hatutazungumza. Baba yako atagombana na utingo kwa ajili ya sanduku, mimi nitalia, na wewe utaninong'oneza, "Mama, watu wanatutazama." Basi naandika. Barua naichomeka kikapuni chini ya mkate wa kumimina, uisome basi likishaondoka, mahali ambapo huwezi kunikatiza.

Na uutazame mwandiko huu. Hakuna jirani aliyeniandikia. Kule kwenye kisomo cha watu wazima mwalimu wetu aliniambia, "Mama Rehema, herufi zako zimelala kama minazi ya pwani." Nikamjibu, "Mwalimu, mnazi uliolala ndio unaoangulika kwa urahisi." Darasa zima walicheka, na cheti nikapata. Mtaa huu wako waliozaa mafundi, wako waliozaa matajiri wa duka, lakini aliyezaa mwalimu wa kike ni mimi peke yangu. Nikijisifu nani atanizuia?

Habari za kula, kulala na kufunga mlango sikuandikii. Ukiwa hujazijua mpaka leo, karatasi haitakusaidia. Nataka kukuandikia habari ya kisima, kwa sababu ndiyo yenye faida huko Ubena uendako kufundisha, na kwa sababu umeisikia kwa watu kama kichekesho. Kwangu hujaisikia.

Kwanza leo. Nilikuwa nafua lile gauni lako la samawati, la kuanzia kazi. Maji matamu tunayochota kisima cha msikitini yalikuwa yamebaki kidogo, nikayatunza ya kupikia, nikasema kwa kufulia nitachota haya haya ya kwetu. Unajua sabuni yetu inavyofanya kwenye maji ya chumvi: inakatika vipande vipande na kugandamana kwenye nguo kama uji uliokatika. Leo nimesugua mara moja, povu likapanda mpaka viwikoni. Nikapiga ukelele. Baba yako akatoka mbio na fimbo, akauliza, "Yuko wapi?" akidhani nyoka. Nikamwambia, "Hakuna nyoka, ni povu!" Akasema, "Mwanamke huyu mtoto wake hajaondoka, yeye akili zimeshatangulia Chalinze." Nikachukua kata, nikachota, nikampa. Akanywa. Akanywa tena. Huyu mtu anayeshinda kutwa kwenye mashamba ya chumvi, aliyekuwa akisema kila jioni, "Kazini chumvi, nyumbani chumvi, mwisho mtaniuza sokoni kama samaki ng'onda," leo alikaa chini kwenye kinu, akasema, "Alhamdulillahi," na macho yakamlowa. Usimwambie kama nimekuandikia.

Sasa huko nyuma. Wewe ulikuwa ndiyo umeingia darasa la nne. Kisima chetu wakati huo kilikuwa kifupi, maji yake kidogo lakini matamu, kama cha Bi Mwanahawa hapo nyuma ya ua wa makuti. Bi Mwanahawa unamjua kama jirani asiyekanyaga kwetu. Mimi namjua kama shoga yangu tangu tuko wari, tuliofundwa ndani pamoja, tukaolewa mwaka mmoja. Visima vyetu vilikuwa ndugu. Akichota yeye sana, changu kinashuka. Nikichota mimi sana, chake kinashuka. Kwa hiyo wazee walituachia desturi: asubuhi huyu, jioni yule, na ndoo moja ndogo ya bati.

Ikafika harusi ya binti yake mkubwa, anaolewa na watu wa Pangani, watu wa jina. Wanawake tumekaa barazani tunapanga: nyama kwa fulani, nazi kwa fulani. Kwenye maji hakuna aliyejitolea, maana wageni walikuwa wengi. Mimi nikaufungua mdomo wangu. Nikasema, "Maji niachieni mimi. Kwa Mwanaidi maji hayaishi. Njooni wote mchote."

Nani aliniuliza? Hakuna. Lakini nikisema, nimesema. Nikamwita Mzee Kondo, mchimba visima, akateremka kwenye kisima changu kuongeza kina. Desturi ya pwani ni kwamba ukifika kwenye mchanga mweupe wenye maji matamu unasimama hapo, unamshukuru Mungu, unatoka. Mzee Kondo akasimama. Mimi nikainama juu, nikamwambia, "Ongeza." Akasema, "Mama, maji yapo tele huku chini, lakini tele si zuri." Nikamwambia, "Mimi nakulipa kuchimba au kutunga mashairi?" Akaongeza. Bi Mwanahawa akasikia mtarimbo unagonga jiwe tangu asubuhi, akapaza sauti nyuma ya ua, "Jamani mwenzetu leo anatokea Bara Hindi! Ukifika huko niletee kanga!" Tukacheka wote wawili. Kile ndicho kicheko chetu cha mwisho.

Halafu nikaenda kununua ndoo za plastiki. Ndizo zilikuwa zimeingia madukani, nyekundu, kijani, manjano, zinang'aa kama peremende. Ndoo ya bati ni nzito hata ikiwa tupu, mtoto haiwezi. Zile za plastiki kila mtoto aliweza, na kila mtoto akachota. Kamba ya makumbi nikaivua, nikafunga ya nailoni, laini, inayoteleza. Siku zote za harusi ua wangu ulikuwa kama mnada. Wengine walichota kwa shida zao, wengine walichota ili tu washike ile ndoo nyekundu. Maji yalimwagika mpaka kuku wakawa wanaruka madimbwi. Na mimi nimesimama hapo na kanga mpya, napokea sifa.

Siku ya pilau, rangi ya maji ilikuwa ile ile, baridi yake ile ile. Nani anaonja maji ya kisima alichozaliwa akakikuta? Wapishi wakatia maji, wakatia chumvi kama siku zote, wakafunika. Maskini, maji yenyewe yalikuwa yameshavuta bahari. Sinia zikatoka, wakwe wa Pangani wakatia tonge la kwanza, wakatazamana. Tonge la pili hakuna aliyetia. Wakanawa mikono kwa adabu, wakasema wameshiba. Mtu ametoka Pangani njaa inamuuma, ameshiba kwa tonge moja!

Bi Mwanahawa alitoka na sinia lililojaa, akaja mpaka uani kwangu, mbele ya wanawake wote. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningemjibu. Alisema, "Mwanaidi, kuanzia leo sinywi maji kwako." Wewe ni mtu wa pwani, unajua maana yake. Mtu akikataa chakula chako labda ameshiba. Akikataa maji yako, hamjuani tena. Na siku chache baadaye kisima chake nacho kikawa chumvi.

Yaliyofuata unayajua kwa kichwa chako mwenyewe, maana ndicho kilichobeba. Kisima cha msikitini, asubuhi kabla ya shule, foleni, na ndoo inakulowesha shingo. Siku moja ulikuja umenuna, ukaniambia, "Mama, wenzangu wanaringa kwa viatu. Mimi niringe kwa maji ya mtu?" Nikakugombeza. Lakini jioni ile nilikaa nikakitazama kile kisima changu kirefu, kirefu kuliko vyote mtaani, ambacho mtu hawezi kukichotea hata kikombe cha chai, nikasema, nimepata cha kuringia mimi.

Mwanangu, sikuwa mwerevu kwa siku moja. Kwanza nililaumu watu: ni Kondo, ni husuda, ni jicho. Baadaye, kwa kuchoka kulaumu, nikaanza kuyatazama maji yenyewe. Nikaona maji ya msikitini uliyoyabeba wewe siwezi kuyamwaga ovyo, maana kila tone nililiona limepita juu ya kichwa chako. Maji ya kuoshea mchele nikayapeleka kwenye mpapai. Ya kuogea tukasimama ndani ya beseni, tukayapigia deki, na baada ya deki yakaenda kwenye migomba. Baba yako alikuwa akitawadha kama anayeosha lori. Nikamnunulia birika dogo, nikamsogezea kigoda karibu na tuta la mchicha. Akanung'unika, "Sasa hata udhu wangu una kibarua." Nikamwambia, "Si tumefundishwa chuo cha Kurani tusifuje maji hata tukiwa mtoni? Basi udhu wako unapata thawabu, na mchicha unapata maji." Mchicha ule aliula na akasifu.

Halafu mvua. Paa letu la bati ndilo lilikuwa la kwanza upande huu, na mfereji wake niliuelekeza barabarani ili ua ubaki mkavu na wapita njia waone usafi. Masika yote ya Mungu yalipita juu ya paa langu na kwenda zake baharini, na mimi ndani nalia maji! Siku nilipolielewa hilo nilijicheka peke yangu mpaka nikakohoa. Nikamwambia baba yako tugeuze mfereji, maji yaingie kwenye lile shimo la taka karibu na kisima, yazame ardhini taratibu.

Hapo ndipo tulipokutana na ndoo zangu. Tulifukua shimo lile siku nzima. Makumbi yalikuwa yameoza, makuti yameoza, majivu na maganda ya mihogo vimekuwa udongo mweusi unaonukia. Lakini vipande vya ndoo zilizopasuliwa na jua, nyekundu, kijani, viko vile vile. Mifuko ya nailoni ya harusi iko vile vile, imelala tabaka juu ya tabaka, na juu yake maji ya mvua yamesimama, hayana pa kupita, viluwiluwi vinaogelea. Baba yako akanyanyua mfuko mmoja kwa kijiti, akasema, "Mwanaidi, harusi yako haijaisha." Tulitoa yote. Tukashusha mawe na mchanga kisimani, tukakirudisha kina chake cha zamani. Shimo la taka ni tumbo, Rehema. Lisichoweza kukila usilipe, litakaa nacho kooni.

Tangu hapo nikaanza mambo ambayo mtaa ulinicheka. Kikapu mkononi kila niendako. Mafuta kwa chupa yangu, samaki kwenye jani la mgomba. Mfuko wa nailoni ukiniingilia nyumbani kwa bahati mbaya, naufua, nauanika, nautumia mpaka utoboke. Watoto wakawa wanapita wakiimba, "Mama Rehema anaanika mifuko, kesho ataipiga pasi!" Nikawajibu, "Nitaipiga, na mama zenu watakuja kuiazima." Wamekuja au hawakuja? Sokoni sasa vikapu ni vingi, na mimi nasema ni kwa sababu yangu. Baba yako anasema ni kwa sababu mifuko imeadimika dukani. Amini unayempenda.

Juzi uliporudi kutoka kutazama kituo chako cha kazi, ulilia. Ulisema Ubena wanawake wanafukua mchanga wa kijito kilichokauka, wanangoja maji yajikusanye, na mtu na watoto wake wanakaa kutwa kwa ndoo moja. Ukasema, "Mama, mimi nitaweza?" Mimi niligeuza uso, ukadhani nami nalia. Nilikuwa natabasamu. Mtoto wangu amekulia kwenye beseni na birika, halafu anauliza kama ataweza!

Lakini usiende kwao kama mama yako alivyokwenda kwenye harusi ya watu. Usiende na ndoo kubwa kuliko ya mwenyeji. Ukifika kwenye maji, mwache mwenyeji achote kwanza, uutazame mkono wake, nawe uchote kama yeye. Watakapokuita mwalimu, watataka kukupa nafasi ya mbele. Ikatae mara ya kwanza. Mara ya pili watakupa kwa moyo. Na Chalinze, basi likisimama, wauzaji watakunyanyulia dirishani mayai, machungwa, korosho, huko vingine bado hutiwa kwenye nailoni. Fungua kikapu chako, sema, "Tia humu." Atakushangaa kidogo, halafu atatia.

Sasa nikumalizie habari ya leo, maana kubwa zaidi bado.

Baada ya baba yako kunywa, nilichukua kata safi, nikachota, nikaifunika kwa kawa, nikazunguka ua. Mlangoni nilirudi nyuma mara mbili, mimi Mwanaidi ambaye hata mbele ya mkuu wa wilaya niliinuka nikasema. Bi Mwanahawa alikuwa anachambua mchele ukumbini. Hakunyanyua kichwa.

"Hodi."

"Umeshaingia, hodi ya nini?"

"Nimekuletea maji."

"Ya suluhu, au umesikia kuna maiti ya kuosha?"

"Onja, Bi Mwanahawa. Yamerudi."

Akaweka ungo chini, akafunua kawa, akatazama ndani ya kata, akafunika tena. Akasema, "Najua. Yangu yalirudi tangu masika hayajakatika."

Nikamuuliza, "Na hukusema?"

"Ningesema ungetangaza mpaka Kaole. Watu wangekuja na madebe, na ndoo zako za rangi, tukarudi kule kule. Nilikuwa napiga jicho kwenye tundu la ua kila asubuhi, natazama unavyochota. Nikaona hata yakiwa ya chumvi unachota kwa kata, unatia kwenye mtungi, unafunika. Nikasema, ngoja nimtazame mpaka yarudi na kwake."

Rehema, nimechunguliwa masika yote na sikujua! Na najua nilivyo: nilisimama wima nikafurahi kwamba kumbe nilionekana vizuri. Nikamwambia, "Basi kunywa." Akasema, "Hapa sinywi. Uliniaibisha mbele ya watu, nitayanywa mbele ya watu, na nitayanywa kwako. Siku ya Idi. Na iwe maji ya kisima chako, si ya kuazima msikitini. Nitayaonja, ulimi wangu unaujua."

Unaona alivyonifunga? Kati ya leo na Idi kuna kiangazi chote. Nikichota kwa pupa, yatarudi chumvi kabla ya siku yenyewe, na yake pamoja nayo. Na siwezi kumtangazia mtu, ndiyo maana natangaza hapa kwenye karatasi, mkono unaniuma. Tumekubaliana turudishe desturi: asubuhi yeye, jioni mimi, ndoo moja ndogo. Kesho jioni ni zamu yangu ya kwanza. Baba yako anasema sitaweza kunyamaza hata wiki. Mimi nasema nitaweza, na nikiweza mimi kufunga mdomo, wewe utashindwa na nini Ubena?

Nilipokuwa natoka akaniita nyuma. "Mwanaidi. Wakwe zangu wa Pangani nitawaita mimi. Pilau utapika wewe. Onja maji kwanza."

Basi uombe ruhusa kwa mwalimu wako mkuu mapema, usingoje mwezi uandame. Bibi yako atakuja kutoka Kaole, shangazi zako watakuja, wakwe wa Pangani watakuja, na Bi Mwanahawa atapita mlango wa mbele, amesema si wa uani. Ni Idi Mosi, mwanangu, watu wakishatoka kusali, hapa nyumbani. Wote.